Kibali cha Dola Tano

MUUZA BUNDUKI: Kwa miaka 104, mkazi wa North Carolina aliyetaka kununua bastola alilazimika kwenda kwanza kwa sherifu wa kaunti yake, alipe dola 5 na kungoja aambiwe anafaa au hafai. Tarehe 29 Machi 2023 Bunge la jimbo liliishinda kura ya turufu ya Gavana Roy Cooper, na sheria hiyo ya 1919 ikafa siku hiyohiyo. Tangu hapo nasikia tumewafungulia majambazi mlango. Mlango upi? Dukani kwangu mteja bado anatoa kitambulisho, bado anajaza Fomu 4473, na mimi bado napeleka jina lake FBI. Jibu huwa moja kati ya matatu: uza, subiri, usiuze. Mtu na anieleze tumepoteza nini zaidi ya foleni ya kwa sherifu.

DAKTARI: Umeeleza duka lako, na mimi sina ugomvi na duka lako. Sheria ya Brady ya 1993 inakubana wewe mwenye leseni. Haimbani mtu mwenye bastola ya ziada kabatini. Huyo anaweza kukutana na mnunuzi kwenye maegesho ya magari, wakapeana pesa na bastola, kila mmoja akashika njia yake bila hata kuulizana majina. Kibali cha sherifu ndicho kilichokuwa kinambana huyu wa pili. Kabla ya kura ile alitakiwa kuona kibali cha mnunuzi. Baada yake hakutakiwa kuona chochote. Mimi nafanya kazi chumba cha dharura. Majeruhi wanaoletwa kwangu usiku hawaji na risiti ya duka lako.

MUUZA BUNDUKI: Hawaji na risiti ya mtu yeyote, Daktari, na hiyo ndiyo hoja yangu. Idara ya Haki iliwahoji wafungwa mwaka 2016. Kati ya waliokuwa na bunduki walipotenda kosa, asilimia 43 hivi walisema waliipata mitaani au kwa magendo. Wa kwenye maonyesho ya bunduki, ambayo magazeti hayaishi kuyasema, hawakufika hata asilimia 1. Jambazi haombi kibali. Aliyekuwa akisimama kwenye foleni ya sherifu ni muuguzi anayetoka kazini saa nane za usiku, ni mjane anayekaa peke yake shambani.

DAKTARI: Na hiyo ya mitaani ilifikaje mitaani? Bastola haioti kama uyoga. Nyingi kabisa kati ya hizo zilitoka kiwandani kihalali, zikauzwa mara ya kwanza na mwenye leseni kama wewe, kwa mtu aliyepita upekuzi. Baada ya hapo ndipo njia inapopinda: mwenye rekodi safi anamnunulia mwenye rekodi chafu, mwingine anauza bila kuuliza, nyingine inaibwa ndani ya gari. Missouri walikuwa na kibali kama chetu tangu 1921, cha sherifu vilevile. Wakakifuta 2007. Daniel Webster na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walifuatilia kilichotokea, wakakuta mauaji ya bunduki yameongezeka. Wakakuta pia bunduki nyingi zaidi zikiangukia mikononi mwa polisi muda mfupi tu baada ya kununuliwa humo humo Missouri. Bunduki ya mwindaji haifiki kituoni ikiwa mpya.

MUUZA BUNDUKI: Na California mbona umeiruka? Tangu 1991 kule hata jirani akimuuzia jirani lazima wapitie kwa mwenye leseni, mnunuzi apekuliwe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California pale Davis, wakishirikiana na haohao Johns Hopkins wako, walitazama miaka kumi ya kwanza ya sheria hiyo. Hawakuona tofauti, si katika mauaji wala katika kujiua.

DAKTARI: Niliiruka kwa sababu haipingani nami. Ule utafiti ulipima sheria ya upekuzi, haukupima kibali. Mnayaweka kapu moja, na ni mambo mawili. Upekuzi wa dukani unauliza kompyuta ina nini, na kompyuta haina zaidi ya kilichoingizwa. Kibali kinamtaka mtu ajipeleke mwenyewe ofisini, aombe kwa jina lake, angoje. Mwenye nia ya kumnunulia rafiki yake jambazi hapendi kuonekana pale. Ushahidi wenye uzito uko upande wa kibali, na ndicho tulichokifuta.

(Niingilie kidogo kama mwandishi. Tafiti hizo zote zipo, na wote wawili wamezisema sawasawa. Kwa kawaida mjadala wa bunduki Marekani huishia hapa, kila mtu ameshika utafiti wake. Aliyeutoa hapa ni mchungaji wa kanisa la Wamarekani weusi, ambaye mpaka wakati huo nilidhani yuko upande wa daktari.)

MCHUNGAJI: Mnautaja mwaka 1919, mwaka wa sheria ya kibali, kama watu wanaotaja umri wa nyumba. Mimi nauliza nani aliijenga. Wilmington ni mji wa jimbo hili hili. Mwaka 1898 wauza bunduki wazungu waliwakatalia watu weusi silaha. Tarehe 10 Novemba wazungu wenye bunduki wakaipindua serikali ya mji iliyochaguliwa na wananchi, wakaua watu wetu barabarani. Miaka 21 baadaye, jimbo likiwa mikononi mwa chama cha wapinduzi haohao, inatungwa sheria kwamba bastola ni ya mwenye tabia njema. Na wa kupima tabia ni nani? Sherifu mzungu, aliyepata kiti katika uchaguzi ambao mweusi alizuiwa kupiga kura. Mwaka 1956 Martin Luther King aliomba kibali cha kubeba bastola kule Alabama. Nyumba yake ilikuwa imetupiwa bomu, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. Akanyimwa. Kama King hakufaa, nambieni aliyefaa.

MUUZA BUNDUKI: Asante, Mchungaji. Umesema nilichotaka kusema, na wewe utasikilizwa kuliko mimi. Haki isiyotolewa mpaka afisa akupende ni hisani. Hata Chama cha Masherifu cha jimbo hili kiliunga mkono kufutwa kwa kibali. Wao wenyewe walichoka.

MCHUNGAJI: Usinishukuru mapema, ndugu yangu. Namfahamu Robert F. Williams wa Monroe, mji mwingine wa hapa hapa. Mwaka 1957 alikuwa kiongozi wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, akaunda klabu ya bunduki, akaisajili na NRA, chama chenu cha wenye bunduki, na watu wake wakawarudisha Ku Klux Klan kwa risasi. Alikimbilia Cuba, akaishi China, akapitia Dar es Salaam kabla ya kurudi nyumbani 1969. Namheshimu. Lakini vijana ninaowazika mimi hawauawi na Klan. Wanauawa na vijana wenzao waliosoma nao darasa moja, kwa bastola ambayo hakuna mtu anayejua ilipita mikono mingapi. Sherifu wa zamani simtaki. Na maegesho ya magari ya Daktari siyataki. Msinigawane.

DEREVA: Mniruhusu na mimi, ingawa ni mgeni kwenye historia hiyo. Mimi nimezaliwa Mombasa, huku ni raia sasa, naendesha teksi usiku. Kenya ukitaka bunduki unakwenda kwa Bodi ya Leseni, unapigwa msasa haswa: cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na sababu. Sababu, wazee! Unaulizwa bunduki unaitakia nini, na jibu lako linaweza kukataliwa. Hapa nilijaza karatasi, nikaulizwa kama mimi ni mkimbizi wa sheria, kama natumia bangi, kama ninanunua kwa niaba ya mtu mwingine. Hakuna aliyeniuliza naitakia nini. Nilitoka na bastola kabla chai niliyoiacha kwenye gari haijapoa. Wiki nzima nilihisi kuna mtu atakuja kuniambia kulikuwa na kosa.

DAKTARI: Mmemsikia? Hiyo ndiyo hali ambayo mtu wa nje anaiona mara moja, sisi tumeizoea.

DEREVA: Ngoja kwanza, Daktari, sijamaliza. Huko huko Kenya, Baringo na Turkana, vijana wanachunga ng'ombe na AK-47 ambazo bodi haijawahi kuziona hata kwa ndoto. Zimevuka mipaka. Mfanyabiashara wa Nairobi anasumbuka miezi kupata bastola moja ya halali, na mwizi wa mifugo hasumbuki siku moja. Kwa hiyo nikisikia sheria kali, nauliza: kali kwa nani?

MUUZA BUNDUKI: Kali kwa mtii. Ndivyo ilivyo kila mahali.

DAKTARI: Sivyo ilivyo kila mahali. Turkana bunduki zinaingia kutoka nchi ambazo vita vilizivunja. Marekani bunduki haziingii kwa magendo. Zinatengenezwa humu au zinaingizwa kihalali, zinauzwa humu, na zikivuka mpaka huwa zinatoka kwenda Mexico. Chanzo tunakijua kwa anwani. Serikali inayoweza kufika dukani kwako kukagua daftari lako inaweza kufika na kwenye mauzo ya pili.

MUUZA BUNDUKI: Hapo ndipo ninapoogopa. Utajuaje kuwa mauzo ya pili yalifanyika bila upekuzi kama hujui mwenye bastola ni nani? Utahitaji daftari la nchi nzima: nani ana nini, anakaa wapi. Sheria ya 1986 inakataza daftari hilo, na inalikataza kwa sababu. Mchungaji, unataka sherifu wa 1919 awe na orodha ya nyumba zenye bunduki Monroe?

DAKTARI: Unamtisha Mchungaji kwa kitu ambacho hakuna anayekiomba. Mnunuzi akiruhusiwa, FBI wanatakiwa kuifuta rekodi yake ndani ya saa 24.

MUUZA BUNDUKI: Leo.

DAKTARI: Sheria zote ni za leo, pamoja na ile unayoitegemea.

MCHUNGAJI: Hapa naomba mniache nimuulize mwenye duka jambo moja. Tarehe 17 Juni 2015, kanisa la Emanuel, Charleston, jimbo jirani. Watu tisa waliuawa wakiwa kwenye funzo la Biblia, na aliyewaua walikuwa wamemkaribisha kiti. Bastola ile aliinunua dukani, miezi miwili tu nyuma yake, na hakupaswa kuuziwa. Alikuwa amekamatwa na dawa za kulevya na akakiri ni zake. Maandishi yalikuwepo. Mkaguzi wa FBI aliyatafuta kwenye idara ya polisi isiyo yenyewe, siku tatu za kazi zikapita, na sheria inasema zikipita bila jibu muuzaji anaweza kuuza. Akauza. Ni upekuzi gani huo unaomalizika kabla haujamalizika?

MUUZA BUNDUKI: Kosa lile liliniuma, na nimeisoma taarifa yake kuliko wengi wanaoitaja. Lakini jiulize aliyekosea ni nani. Si muuzaji. Texas, Novemba 2017, kanisa la Sutherland Springs, watu 26: Jeshi la Anga lilijua yule mtu alihukumiwa kwa kumpiga mkewe na mtoto, halikupeleka jina FBI. Virginia Tech, 2007, watu 32: hakimu alishasema yule mwanafunzi ni hatari kwa nafsi yake, jina halikuingia kwenye mfumo. Kila mara serikali inazembea, na dawa mnayoleta ni kuiongezea serikali hiyohiyo kazi na muda. Mkiondoa zile siku tatu, mtu wa ofisini ataliweka jina lako chini ya kikombe chake cha kahawa mwaka mzima. New Jersey, mwaka 2015 huohuo wa Charleston, mwanamke aliyekuwa na amri ya mahakama dhidi ya mpenzi wake wa zamani aliomba kibali cha bastola. Sheria iliwapa polisi siku 30. Zikapita. Alichomwa kisu mbele ya nyumba yake, kibali hakijatoka. Yeye naye ana kaburi, Mchungaji.

MCHUNGAJI: Ana kaburi. Sikubishii.

DAKTARI: Mimi nabisha kidogo. Wanawake wa namna hiyo ninaowapokea, wengi hawakuuawa kwa sababu walikosa bastola. Utafiti wa Jacquelyn Campbell wa 2003 ulionyesha kuwa mwanamume mpigaji akiwa na bunduki, hatari ya mwanamke kuuawa inapanda kama mara tano. Mwaka 2024, kesi ya Rahimi, Mahakama ya Juu ilikubali kwa majaji 8 dhidi ya 1 kwamba mtu aliyethibitishwa na mahakama kuwa tishio kwa mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha. Vizuri. Lakini akishanyang'anywa, upekuzi wa dukani utamzuia kununua nyingine dukani tu. Na kuhusu siku tatu: sheria inakuruhusu kuuza, haikulazimishi. Yapo maduka makubwa yanayongoja jibu hata likichelewa. Wewe unangoja?

MUUZA BUNDUKI: Inategemea mteja.

DAKTARI: Yaani unapima tabia njema.

MUUZA BUNDUKI: Napima macho ya mtu, ndiyo. Nimewahi kumrudisha mteja aliyepita upekuzi wote, kwa sababu aliulizia risasi chache kupita kiasi na hakuulizia kitu kingine. Nilimpigia kaka yake.

DAKTARI: Ulifanya vyema, na umegusa jambo tunalolikwepa. Mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 nchi hii. Zaidi ya nusu, watu 26,000 na ziada, walijiua. Anayejaribu kujiua kwa vidonge mara nyingi nampata nikamrudisha. Wa bunduki, tisa kati ya kumi hawafiki, au wanafika wamekwisha. Na dhoruba ile ya moyoni aghalabu hupita kwa saa, kwa siku. Sherifu alikuwa na mpaka siku 14 za kujibu ombi. Siku 14! Ninyi mliziita usumbufu.

MUUZA BUNDUKI: Basi tuseme na upande wa pili wa kibali chako, maana hujausema. Kilidumu miaka mitano. Mwenye nacho akija kwangu sikutakiwa kumpeleka FBI, kibali kilitosha. Mtu angeweza kupata kibali Januari, ampige mkewe Juni, ahukumiwe, aje Desemba na karatasi yake mfukoni. Leo huyo akija napeleka jina lake na narudishiwa: usiuze. Dukani kwangu, Daktari, ulinzi umeongezeka baada ya kibali kufa.

DAKTARI: Hiyo ni kweli, na ilikuwa aibu. Ilitosha kuandika mstari mmoja: mwenye kibali naye apekuliwe dukani. Wabunge walikuwa na kalamu, wakachukua kiberiti.

DEREVA: Na mimi niseme la majina. Sisi akina Ali, Juma na Mohamed, mfumo ukitafuta unatukuta kumi. FBI wenyewe wanalijua hilo. Ipo namba maalumu mtu huomba ili asifananishwe kila akinunua na mtu mwingine mwenye kesi. Sasa mkitaka kila mauzo yapite hapo, mjue nani atangoja zaidi. Sisemi msifanye. Nasema mhesabu.

MCHUNGAJI: Nami nimehesabu. Kompyuta haiipimi rangi yangu, lakini hailijui na jina lisiloandikwa. Sherifu analijua lisiloandikwa: anajua nyumba ipi ameitwa mara tatu usiku. Ila alipima na rangi yangu. Nikilazimishwa kuchagua, nataka kibali ambacho akinikatalia aandike sababu, nami niipeleke mbele ya jaji. Tabia njema isiwemo. Kosa liwemo, hukumu iwemo, amri ya mahakama iwemo.

MUUZA BUNDUKI: Na mimi nina langu. Leo raia wa kawaida akitaka kumpekua anayemuuzia hawezi. Mfumo wa FBI uko wazi kwa wenye leseni tu. Mwaka 2013 Seneta Tom Coburn wa Oklahoma, Mrepublican, alitaka raia apewe njia ya kujipekua mwenyewe kwa intaneti na kumwonyesha muuzaji jibu. Watoto 20 waliouawa kwa bunduki katika shule ya Sandy Hook walikuwa hawajamaliza miezi sita kaburini. Hata hilo halikupita, wala muswada wa maseneta Manchin na Toomey wa kupanua upekuzi haukupita: kura 54 kwa 46, na zilitakiwa 60. Mpeni raia mfumo, wengi watautumia kwa hiari.

DAKTARI: Wengi watautumia. Simwogopi atakayeutumia.

DEREVA: Basi nisaidieni, maana yangu si nadharia. Mke wangu hataki bastola ndani tangu mtoto aanze kutambaa. Nataka kuiuza. Kuna mtu kaniahidi pesa taslimu, simjui. Nifanyeje?

MUUZA BUNDUKI: Mlete dukani kwangu. Atajaza fomu, nitapeleka jina lake, mtalipa ada kidogo, kila mtu alale usingizi.

DEREVA: Akikataa kuja?

MUUZA BUNDUKI: Usimuuzie.

MCHUNGAJI: Akienda kwa mwingine anayeuza, asiyemjua vilevile, na huyo akamuuzia?

MUUZA BUNDUKI: Kama wote ni wakazi wa jimbo hili, na muuzaji hajui wala hana sababu ya kujua kwamba mnunuzi amekatazwa kumiliki bunduki, muuzaji hajavunja sheria yoyote ya North Carolina wala ya Marekani.